Karavani inavuja? Litafute tundu kwanza, silikoni baadaye

Mimi nilijua nina tatizo siku mguu ulipozama. Ilikuwa Machi, na mvua ya Tukuyu mnaijua, haina cha asubuhi wala jioni, nikashuka kitandani kwenye karavani (ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari) nikiwa peku, kisigino kikaingia kwenye sakafu kama nimekanyaga godoro. Nikafunua kapeti. Plaiwudi ya chini imekuwa nyeusi, ukiigusa inabanduka karatasi karatasi kama kitunguu, na ile harufu ya magunia yaliyolowa yakafungiwa stoo. Cha ajabu ukuta wa pale pale ulikuwa mkavu, dirisha kavu, dari kavu. Sasa maji yametokea wapi? Nilihangaika wiki tatu, nikaja kulikuta tundu mbele kabisa, kwenye skrubu moja ya taa ya kona, kama mita tatu kutoka pale sakafu ilipooza.

Na kabla ya hapo nilishatoa hela. Fundi alikuja na tyubu nne za silikoni akazunguka nazo kila alipoona mstari, dirisha, kona, mlango, mpaka matundu ambayo hayatakiwi kuzibwa kabisa (nitayafikia hayo), akachukua chake akaondoka. Mvua iliyofuata maji yakaingia vilevile, ila sasa yakawa hayana pa kutokea. Ndio maana naandika hivi, na nitarudia mpaka mchoke: usinunue kitu cha kuzibia mpaka tundu umeliona kwa macho yako.

Karavani ninazoziona huku kwetu nyanda za juu nyingi ni used, zimetoka Afrika Kusini zikapita Tunduma au zimekuja kwa meli hadi Dar, na kuna zile za saiti za barabara ambazo mainjinia walikuwa wanalala, mradi ukiisha zinauzwa. Ukiwa na trela la chipsi au ofisi ya matairi soma tu, maji ni yaleyale.

UKUTA WAKE SIO UKUTA

Hapa ndipo watu wanapokosea. Unaona bati zuri la nje unadhani ni kama bodi ya basi. Sio. Nje ni aluminiamu nyembamba sana au faiba, katikati kuna fremu ya vimbao vyembamba na foumu nyeupe ile inayokuja na TV mpya, ndani ni plaiwudi ya milimita tatu hivi imebandikwa karatasi ya kupendezesha. Basi. Hakuna kingine. Halafu hiyo ngozi ya nje imetobolewa kila mahali: madirisha, mlango, taa, tundu la hewa la paa, reli ya kufungia turubai la kivuli, sehemu ya kujazia maji, dirisha la hewa la friji, na kila kimoja kina skrubu zake kumi, ishirini. Kila skrubu ni mlango.

Maji yakishapita skrubu hayadondoki hapo hapo. Yanashika mbao, yanatambaa nayo mpaka yakutane na kona, yanashuka na nguzo ya kona, yanajikusanya chini kwenye mbao ya sakafu. Unayaona mwisho wa safari yao. Kwahiyo ukiona doa chini ya dirisha usimlaumu dirisha kwanza, panda juu ya doa, nenda mbele, nenda nyuma, fuata fremu.

Na kwanini zinaachia? Mtikisiko ni mmoja. Barabara ya vumbi yenye matuta ya mawimbi, ukiivuta karavani kilomita mia moja kuelekea Ruaha, kila kiungo kinasugua na kuachia kidogo kidogo. La pili ni jua na baridi. Mbeya mjini uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kipupwe cha Juni na Julai mchana jua linachoma bati, usiku baridi inauma, na aluminiamu inatanuka na kusinyaa kuliko mbao iliyo chini yake, kwahiyo kila siku vinavutana na gundi iliyo katikati ndio inaumia. La tatu ni umri tu, gundi inakauka inapasuka kama kisigino. Hizi nyanda zetu zenye msimu mmoja wa mvua, Novemba au Desemba mpaka Aprili, zina ubaya wake: miezi sita karavani inakaa kavu unajisahau, gundi inapasuka kimyakimya, siku ya mvua ya kwanza ndio unaambiwa.

JE, NI KUVUJA, AU NI JASHO, AU NI BOMBA?

Maswali haya matatu yamalize kwanza maana dawa zake hazifanani.

Jasho ndilo linalowadanganya wengi huku kwenye baridi. Watu wawili mmelala, madirisha yote yamefungwa, asubuhi kioo kinatiririka na godoro upande wa chini lina unyevu. Ukipika ndani ndio zaidi, kilo moja ya gesi ya mtungi ikiungua inatoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kama mvuke, na hapo hujahesabu maji ya kwenye sufuria ya maharage. Yale maji yanaenda kukaa kwenye ukuta wa baridi. Namna ya kujua: chukua kipande cha nailoni safi kama ukubwa wa daftari, kibandike ukutani penye doa kwa solatepu pande zote nne kisipitishe hewa, acha siku nzima na usiku. Ukikuta matone upande wa nailoni unaotazama chumba, ni jasho lenu wenyewe, fungueni dirisha kidogo na tundu la paa, inueni godoro lipate hewa chini. Ukikuta matone upande wa ukutani, ukuta wenyewe una maji, endelea kusoma.

Nikiwa hapohapo kwenye baridi: usiingize jiko la mkaa kwenye karavani ili kukausha au kuota. Usiingize kabisa, hata dirisha likiwa wazi. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na kile chumba ni kidogo kuliko jikoni kwa mama yako, mtalala msiamke.

Bomba ni rahisi kulikamata. Jaza tenki, washa pampu, fungua koki mpaka hewa yote itoke, funga koki zote, pampu itanyamaza. Sasa kaa kimya. Nusu saa nzima isilie. Ikilia kidogo ikanyamaza, ikalia tena, presha inatoka mahali, na kama hakuna koki inayodondoka basi ni kwenye fitingi (au valvu ya pampu yenyewe inarudisha maji, hiyo nayo ipo). Viringishia tishu kavu kila kiungo unachofikia, chini ya sinki, nyuma ya choo, kwenye hita, tishu hazidanganyi, tone moja tu inabadilika. Halafu jioni zima pampu, weka alama ya chaki usawa wa maji kwenye tenki, asubuhi angalia.

Ukiunga mpira moja kwa moja na bomba la mjini kuwa makini, mji wa vilima kama Mbeya wanaokaa mabondeni wanapata presha ya kuvunja koki, na mabomba ya karavani yanapenda psi 40 mpaka 50 tu. Funga kipunguza presha, au fanya kama mimi, jaza tenki utumie pampu uachane na hayo. Na wanaopanda Makete, Kitulo au kulala Njombe Juni na Julai: kule umande unaganda, na maji yakiganda yanaongezeka ujazo kama asilimia 9, hakuna fitingi ya plastiki inayovumilia hilo. Kabla ya kulala mwaga maji ya mabomba, fungua koki zote ziachwe wazi. Tatizo lake ni kwamba hutaona kitu usiku ule, utaona ukishuka kwenye joto barafu inapoyeyuka.

VUMBI LITAKUONYESHA

Hili nalipenda kuliko yote na sikulisoma popote. Kuna mzee mmoja wa kule Uyole, Mbeya, alifanya kazi makambi ya barabara miaka mingi, nilipomwelezea shida yangu akaniuliza, "Mwanangu, kiangazi ukitoka safari ya vumbi huwa unafuta ndani mara moja?" Nikamwambia ndio mzee, mama watoto hakubali uchafu. Akacheka. "Basi mnafuta ushahidi."

Maana yake ni hii. Karavani ikivutwa inanyonya hewa ya nje kupitia kila mwanya, na vumbi letu jekundu linaingia na hiyo hewa na kuacha mstari mwembamba pale pale lilipoingilia. Kwahiyo Septemba au Oktoba, kabla ya mvua, ivute karavani barabara ya vumbi kilomita kadhaa, madirisha na tundu la paa vyote vimefungwa. Ukirudi usifute kitu. Ingia na tochi, ilaze karibu na ukuta mwanga upite kwa pembeni, angalia kona za kabati za juu ndani, pembezoni mwa dari, kingo za madirisha, chini ya viti vya kulalia, kwenye matao ya matairi. Kule utakuta vimichirizi kama mtu amepuliza unga wa kahawia kupitia tundu la sindano. Piga picha kila mmoja. Mimi niliona mmoja ndani ya kabati la juu kona ya mbele kushoto, upande uleule wa ile taa. Ningeuona Oktoba ningeokoa sakafu.

Vumbi linapopita sio lazima maji yapite, mwanya wa chini ya mlango kwa mfano huwa unapitisha vumbi tu. Lakini kwa kona za juu na paa, amini.

KUKAGUA KWA MKONO

Vitu vya kuwa navyo sio vingi: tochi yenye mwanga mkali, bisibisi butu, ngazi, kipande cha ubao cha kulalia paani, chaki, daftari. Kipima unyevu chenye vijino viwili ukikipata ni kizuri sana. Kisome hivi: chini ya asilimia 15 lala usingizi, 15 mpaka 20 rudi kupima baada ya wiki, ikipita 20 maji yanaingia, ikikaribia 30 mbao imeshaanza kuoza. Pima mahali palepale kila mwezi uandike. Namba moja haisemi kitu, zikipanda mfululizo ndio zinasema.

Huna kipima? Una dole gumba. Bonyeza plaiwudi ya ndani kila baada ya sentimita kumi, hasa kona zote nne kutoka dari mpaka chini, chini ya kila dirisha, na nyuma ya mito. Inatakiwa ikusukume. Ikibonyea, au karatasi ya ukutani ina kimkunjo ambacho mwaka jana hakikuwepo, weka chaki. Sakafuni tembea na kisigino. Nje simama mwisho wa karavani asubuhi jua likiwa chini, tazama ukuta kwa urefu wake kama unavyotazama ubao kama umenyooka, ukiona uvimbe kama tumbo basi ngozi imeachana na foumu, maji yameshakaa humo siku nyingi. Hilo ukiliona kwenye karavani unayotaka kununua, shuka bei nusu au rudi nyumbani.

Juu paani usisimame, lala kwenye ubao uzito usambae. Angalia mstari wa gundi kuzunguka tundu la hewa, vichwa vya skrubu, viungo vya mabati. Unatafuta nyufa, gundi iliyonyanyuka ukingo ukaweza kuingiza ukucha, skrubu yenye kutu inayolia machozi ya kahawia. Skrubu yenye kutu imeshaingiza maji tayari hata kama juu inaonekana imefunikwa. Taa za kona na reli za turubai angalia mara mbili, watu wanakimbilia madirisha wakati hizi ndizo ziko juu kabisa na zina skrubu nyingi kuliko chochote.

Halafu chini ya sakafu, na hapa naomba usikilize. Utakuta matundu makubwa karibu na jiko na kwenye sanduku la mtungi wa gesi, unaona mpaka ardhini. Usiyazibe! Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka sakafuni na hayo matundu ndiyo yanaitoa nje. Yule fundi wangu aliyaziba yote mawili kwa silikoni. Ningewasha kiberiti siku mbaya nisingekuwa naandika hapa. Vilevile vile vitundu vidogo chini ya fremu ya dirisha ni vya kutolea maji, vizibue kwa njiti, usivizibe.

KUPIMA KWA MAJI, WATU WAWILI

Ukishakuwa na chaki zako unathibitisha. Mmoja ndani na tochi, makabati wazi, mito nje, mmoja nje na mpira wa maji. Mpira unatiririsha tu, sio kupiga, na mashine ya kuoshea magari isikaribie kabisa, ile presha inapenyeza maji hata mahali pazima, utapata majibu ya uongo na utang'oa gundi iliyokuwa nzima.

Anza chini. Hii ndio siri yote. Ukianza juu maji yanashuka yanalowesha kila kitu na hutajua yaliingilia wapi. Tiririsha tao la tairi dakika kumi, subiri. Kavu? Panda, milango ya masanduku ya nje, dakika kumi. Dirisha ukingo wa chini, kisha pembeni, kisha juu yake. Taa. Reli. Kona. Mwisho kabisa paa. Dirisha la friji lipite, usilimwagie maji moja kwa moja, kuna umeme na moto nyuma yake. Ndani akiona tone apige kelele, wa nje asimame hapo hapo aweke chaki. Itachukua nusu siku, wakati wa kusubiri ndio mrefu na wengi wanaharakisha, wakati maji yanaweza kuhitaji dakika kumi na tano kutambaa fremu kabla hayajatokeza.

Kama maji yanagoma kujionyesha, ipo njia ya hewa, na mafundi wa Marekani wana mashine yake maalumu ila unaweza kuiga. Funga gesi kwenye mtungi. Ziba kwa muda (nasema kwa muda, kwa nailoni na solatepu) matundu yote ya hewa, mifereji ya sinki, kila kitu. Tundu la paa likatie kadibodi yenye nafasi ya feni au blowa, ielekeze ipulize kuingia ndani, funga mlango. Sasa zunguka nje na chupa ya kupulizia yenye maji ya sabuni ya vyombo, puliza kila kiungo na kila skrubu. Panapotoka povu ndipo. Yaani kama fundi wa pancha tu anavyotafuta tundu kwenye beseni. Skrubu yangu ya taa ya kona ilinipulizia povu kama mtoto mwenye mafua, nikaita jirani aje aone. Ukimaliza bandua nailoni zote kabla hujafungua gesi, hesabu ulibandika ngapi na umebandua ngapi.

SASA NDIO UNAZIBA

Kosa kubwa ni kupaka juu. Ukipaka gundi mpya juu ya iliyopasuka umefunika kidonda chenye usaha. Kifaa kinatolewa. Nitaeleza taa, dirisha ni vilevile ila kubwa na unahitaji msaidizi wa kulishika.

Kwanza pakauke. Fungua skrubu, itoe taa, na usiweke kitu siku kadhaa, feni ielekezwe hapo, kama ni masika weka nailoni juu kama kibaraza. Chokonoa mbao nyuma ya matundu kwa bisibisi, ikiwa ngumu endelea. Kwangua gundi yote ya zamani kwa kikwangua cha plastiki au kadi ya simu iliyokwisha, chuma kitakwaruza bati. Maliza na kitambaa chenye spiriti. Angalia paa lako ni la nini kabla ya kumwaga dawa: ukilisugua kwa kitambaa cheusi kibichi likaacha chaki nyeupe na ukilibonyeza ni laini, hilo ni la mpira, na petroli na tina zinauharibu mpira, tumia sabuni na spiriti tu. Petroli na tina pia zinayeyusha ile foumu nyeupe ya ukutani, nimeshuhudia, inazama kama sukari kwenye chai.

Kinachowekwa nyuma ya kifaa ni mkanda wa butili, unafanana na bigijii iliyotafunwa, haukauki, unabaki laini miaka na unafuata mtikisiko. Zungusha kwenye ukingo wa kifaa, nje kidogo ya skrubu na ndani kidogo, miisho ipandane. Rudisha kifaa, skrubu ziwe za stenlesi, na kama tundu la zamani limelegea jaza kijiti cha mbao na gundi ya maji, kikikauka toboa upya. Kaza kwa mkono, kona kwa kona kama nati za tairi, mpaka butili ianze kutoka pembeni. Usiikamue yote. Kesho yake kaza tena robo, itakuwa imeshuka, ndipo ukate iliyotoka na upitishe mstari mwembamba wa gundi ya poliurethani juu na pembeni. Chini ya kifaa acha wazi. Maji yakija kuingia siku moja yapate pa kutokea.

Silikoni je? Siipendi na nitasema kwanini. Haishiki vizuri kwenye bati linalotikisika, na ikishakaa hakuna kitu kingine kitakachoshika juu yake, hata silikoni nyingine, utaikwangua mpaka uote sugu. Ile yenye harufu ya siki ndio mbaya zaidi, ile siki inakula chuma. Iache bafuni.

Kwa paa la mpira ipo gundi yake inayojisawazisha, unaimwaga inatandaa yenyewe kufunika vichwa vya skrubu, ila ni ya sehemu za bapa tu, ukutani itateremka. Na kiungo kirefu cha paa kinachosumbua kila mwaka kinafaa mkanda mpana wa paa wenye butili chini, bati liwe safi na kavu, ubonyeze kwa rola, ukikosea kuulaza umekosea, haubanduki.

KUZUIA

Ratiba yangu ni kila miezi mitatu kwa macho, na ukaguzi mzito Oktoba kabla ya mvua na Mei zikikatika. Ukitoka safari ya barabara mbovu, panda ngazi siku hiyohiyo.

Egesha imelalia upande mmoja kidogo, tumia pimamaji, ili maji ya paa yawe na njia moja, na hakikisha mdomo wa gata unamwaga mbali na ukuta. Mti sio kivuli cha karavani. Majani yanaziba gata, maji yanasimama, na Rungwe tuna hili lingine la parachichi, likidondoka kutoka juu kabisa linatoboa kifuniko cha plastiki cha tundu la paa kama jiwe. Turubai la kufunika moja kwa moja silishauri, upepo unalisugua kwenye rangi na chini yake panatoa jasho. Mirunda sita na bati juu, pembeni wazi, hicho ndicho kifuniko, na ni bei ndogo kuliko sakafu mpya.

KAMA IMESHAOZA

Chokonoa mpaka ufike mbao ngumu, ongeza sentimita kumi na tano kila upande, kata hapo. Usione huruma. Fremu iliyo laini nayo itoke. Mbao za kurudishia ninazifuata Mafinga, zinatoka msitu wa Sao Hill, ila chagua zilizokauka, paini inauzwa ikiwa mbichi mpaka inatoa maji ukipigilia msumari, na ukifungia mbao mbichi ndani ya ukuta umejipandia fangasi mwenyewe. Paka dawa ya mbao pande zote na hasa vichwa vilivyokatwa. Sakafu weka marini bodi (plaiwudi ya kuvumilia maji), kingo zake zipake rangi kabla hujaishusha maana maji yanaingilia kwenye kingo.

Na usifunge ukuta haraka. Rudia ule mtihani wa mpira wa maji ukuta ukiwa wazi, kisha acha mvua za kweli zije. Mimi niliacha kona ile wazi mwezi mzima, mama watoto akaning'iniza khanga wageni wasione, kila mvua ikikatika naifunua naingiza vile vijino viwili kwenye mbao: 24, 21, 19, wiki ya mwisho ya Aprili ikanyesha siku tatu mfululizo nikasema leo ndio leo, nikapima, 14. Nikatoa khanga, nikapigilia.